Ubao wa Bata na Mwaka wa Siku Saba

Jumatatu, 6 Julai, Showa 101

Najua, najua. Mtaa mzima unaandika Reiwa 8, kwa jina la zama za mfalme wa sasa. Hikosaka muuza tofu, ile jibini ya soya, jirani yangu wa ukuta mmoja, anaandika 2026 kwa miaka ya Magharibi, kama mtu mwenye ndege ya kuwahi. Mimi Showa yangu sijaimaliza. Wenzangu waliishia 64, Mfalme alipofariki. Zama zikapewa jina jipya, Heisei, hesabu ikarudi moja. Juzi juzi tena, Reiwa, hesabu moja. Mchezo gani huu wa kurudishwa mwanzo kila ukizoea? Nimeendelea kuhesabu kivyangu. Hakuna aliyenikataza.

Leo habari nzito. Bibi Tazawa, mwenyekiti wa kamati ya sherehe, mwanamke wa miaka themanini na mbili ambaye hata mbwa humpisha njia, ametangaza kuwa kihekalu cha mungu wa mtaa, kile kinachobebwa mabegani na kuzungushwa mtaani, mwaka huu kitasimama mara moja tu. Wabebaji wamebaki wachache, na kijana kuliko wote ana goti la bandia. Kitapumzika kwenye mlango wa duka kongwe kuliko yote. Ushahidi upelekwe Jumamosi.

Zamani kilikuwa kikisimama kila mlango. Kwetu kilisimama mwisho, kwa sababu kwetu ndiko kulikuwa na manju, maandazi ya mvuke yenye maharage matamu tumboni. Wanaume wamelowa jasho, mabega mekundu, wanacheka. Fusae, mke wangu, anapita katikati yao na sinia kichwani. Hakuna aliyemgusa, hakuna andazi lililoanguka.

Naandika hapa kwa sababu sijamwambia mtu: mwisho wa Oktoba nafunga duka. Binti yangu Chizuru yuko Osaka, ana kazi yake nzuri, hataki mvuke. Simlaumu. Lakini nataka kisimame kwangu mara moja tu kabla sijashusha mlango.

Tatizo, sina ushahidi. Duka alilifungua babu, hilo tunajua. Lini? Karatasi zote zilikwenda na mafuriko ya Showa 57. Hikosaka ana jiwe la kusagia soya, limechongwa Showa 3. Ameshalisugua kwa brashi na kuliweka mlangoni. Nilipopita aliniambia jiwe halijui kusema uongo. Nilikohoa tu, kwa dharau.

Jumanne, 7 Julai, Showa 101

Siku ya kufunga maombi kwenye mianzi. Mwanzi wa mtaa umesimama mbele ya kinyozi, umejaa karatasi za rangi. Nikaandika: Kihekalu kisimame kwangu. Nikaifunga juu kabisa, nimesimama kwenye kiti.

Nikiwa bado nashuka, Hikosaka akaja na ngazi. Ngazi! Akafunga ya kwake juu ya yangu. Ya kijani. Nilikuwa nimeacha miwani dukani, sikuisoma. Haikuwa na haja. Mtu haleti ngazi kuombea amani ya dunia.

Nilirudi na hasira, na hasira ikazaa akili. Jiwe lake ni Showa 3. Mimi ninahitaji kitu cha zamani zaidi, chenye herufi. Na kwa nini niwe bahili? Duka likitimiza miaka mia mwaka huu, nani atabisha? Mwaka huu ni 101. Toa mia. Showa 1. Hata mtoto wa chekechea angepata. Hawa wa Reiwa wangehitaji kuongeza, kutoa, kuvuka zama tatu na kupotea njiani. Faida ya kutokubali mabadiliko ndiyo hiyo.

Nitachonga kibao cha duka cha babu.

Alhamisi, 9 Julai, Showa 101

Ubao nimeupata nyuma ya nyumba. Fusae alikuwa anaweka juu yake vyungu vya maua yake ya asubuhi. Mzito, wa mti mzuri, na kwenye kona ya kushoto una jicho la mti lenye sura ya kichwa cha bata. Fusae aliuita ubao wa bata. Mara tatu nilitaka kuutupa, mara tatu akanizuia. Alisema mama yangu alimwagiza usitupwe. Kwa nini? Hakujua, wala mimi sikuuliza. Wanawake wa nyumba hii waliambiana mambo mengi kuhusu vyombo.

Upande wa chini ulikuwa mweusi kwa masizi, umejaa mikwaruzo, kama kuku wamepigana hapo. Nimeupiga randa ukalainika kabisa. Kazi ngumu. Mikwaruzo mingine ilikuwa imeingia ndani, ikanibidi nirudie. Maranda yamejaa gunia, nimeyatia jikoni chini ya chombo cha mvuke. Sipotezi kitu.

Kisha patasi. Nikachonga: MUNAKATA, MANJU, SHOWA MWAKA WA KWANZA, MWEZI WA NNE. Na kwa sababu mkono ulikuwa umeshapata moto, nikaongeza ua la mcheri pembeni. Mwezi wa nne ndio wa maua. Kazi yenye sanaa ni hiyo.

Ulikuwa unang'aa mno, kama umezaliwa leo. Nikaupaka shira ya sukari guru, nikaufukiza moshi, nikaupaka tena. Sasa una rangi ya miaka mia na harufu ya utoto wangu.

Jambo la ajabu: Bibi Tazawa alinunua manju sita asubuhi, akarudi mchana kununua sita nyingine. Alisema zina ladha ya zamani, ya wakati wa babu yangu. Nikamwambia mkono ni ule ule wa ukoo.

Jumamosi, 11 Julai, Showa 101

Aibu. Aibu tupu.

Ukumbi wa mtaa ulijaa, maana yake tulikuwa kumi na wanne. Hikosaka alisukuma jiwe lake kwa toroli, wakalipigia makofi ya adabu. Mimi nikafunua kitambaa taratibu. Wakaguna kwa mshangao. Kinyozi alivua kofia. Nikaanza kusimulia jinsi babu alivyokichonga mwenyewe kwa taa ya mafuta, na sauti ikanitetemeka vizuri.

Kisha sisimizi wakatoka. Kwanza mmoja, juu ya ua la mcheri. Halafu ukoo mzima ukapanga mstari kutoka chini ya meza hadi kwenye herufi za jina langu. Shira! Nikawafuta kwa mkono wa shati, na shati likawa rangi ya miaka mia. Mke wa kinyozi alisema mbao nzuri hupendwa na wadudu. Mungu ambariki. Karibu nipone.

Lakini Bibi Tazawa alikuwa amevaa miwani. Alisoma mara moja, akasoma tena, akaniangalia kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha.

"Tokuji, baba, hayo maua ya mcheri babu yako aliyaona wapi?"

Nikasema mlimani, kama watu wote, mwezi wa nne.

"Showa ya kwanza haikuwa na mwezi wa nne. Mfalme wa zama za Taisho alifariki siku ya Krismasi. Showa ikaanza siku hiyo hiyo, na siku saba baadaye ukaingia mwaka mpya, ikawa Showa ya pili. Mwaka wa kwanza wote ulikuwa wiki moja, na theluji ilikuwa hadi magotini. Mama yangu alizaliwa ndani yake. Hilo alitusimulia mpaka anaingia kaburini."

Siku saba! Katika miaka mia na moja ya Showa, mimi nimekwenda kuchagua ule wenye wiki moja, tena nikautia maua.

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningejua pa kuelekea. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia mezani, mbele ya watu, na sisimizi juu. Kamati imempa Hikosaka. Nilibeba ubao wangu nikapita nyuma ya maduka. Ulinifuata msafara mdogo.

Jumapili, 12 Julai, Showa 101

Sijafungua duka.

Nimekaa mbele ya picha ya Fusae tangu asubuhi. Nimemweleza yote. Angekuwepo angenipiga kwa kitambaa cha jikoni, halafu angecheka mpaka akae chini.

Niandike sababu ya Showa yangu, maana hata daftari hili sijaliambia. Tulioana Showa 55. Ile Heisei tulipita pamoja, haikunisumbua, mradi kitanda kilikuwa na watu wawili. Kisha ikaja Reiwa, tarehe mosi mwezi wa tano. Watu wakashangilia barabarani. Fusae alikuwa hospitali, akaangalia kwenye televisheni, akasema jina ni zuri. Siku ya nne akafariki. Nilipokwenda kuandikisha, karani akaandika tarehe: mwaka wa kwanza. Nikasimama pale nikijiuliza, mwaka wa kwanza wa nini?

Nilirudi nyumbani nikahesabu mwenyewe. Ukiendelea na Showa bila kukata, ulikuwa mwaka wa 94. Huko hakuna kilichoanza upya. Huko Fusae bado yuko katika hesabu ile ile na mimi, ameniacha hatua chache tu nyuma. Nikabaki huko.

Nimeurudisha ubao nyuma, vyungu juu yake. Maua hayana kosa.

Jumanne, 14 Julai, Showa 101

Hikosaka alikuja. Nilimwona kupitia pazia, na bahasha mkononi. Nikajua amekuja kunicheka kwa maandishi. Nikajificha nyuma ya chombo cha mvuke. Alinisubiri. Chombo kilikuwa kinachemka. Mtu wa miaka sabini hadumu nyuma ya mvuke, nikatoka mwekundu kama kaa.

Hakunicheka. Alisema ameinua mikeka ya chumba cha marehemu babu yake akitafuta kitu, hakusema kitu gani, akakuta picha. Akaiweka kaunta, kati ya manju.

Showa 33, imeandikwa nyuma. Wazee wawili wamekaa mbele ya duka letu. Mmoja ni babu yake, na mabegani kambeba mtoto mwenye kichwa kikubwa: Hikosaka, hicho kichwa hakijabadilika. Mwingine ni babu yangu. Mapajani mwake mtoto wa miaka miwili, mashavu yamejaa, manju kila mkono. Ni mimi. Sikuwahi kuona picha yangu na babu. Nilidhani haipo duniani.

Juu ya vichwa vyao, kibao cha duka. Hikosaka akanipa kioo chake cha kukuzia. Munakata. Manju. Taisho 15, mwezi wa nne.

Nikahesabu kwa vidole. Sikuamini, nikamwachia Hikosaka ahesabu kwa miaka yake ya ndege. Taisho 15, ongeza 1911, ni 1926. Mwaka ule ule mwishoni mwake ulikuja kuitwa Showa ya kwanza. Miaka mia kamili. Mwaka ule ule! Mwezi ule ule! Nilichonga uongo wangu kwa jasho kutwa nzima, kumbe ulikuwa kweli iliyokosewa jina tu.

Nikataka kumkumbatia. Ndipo nikaona kona ya kushoto ya kibao. Jicho la mti. Kichwa cha bata.

Nikatoka nyuma mbio. Nikaondoa vyungu, nikageuza ubao huku, nikaugeuza kule. Laini. Mimi mwenyewe niliulainisha. Baba aliushusha Showa 34 akaweka bati lenye taa, nikiwa bado natambaa kwenye akili, na mama akauhifadhi, akamwagiza Fusae, na Fusae akaulinda chini ya maua miaka yote. Wanawake wawili waliulinda dhidi ya mafuriko, dhidi ya mchwa, dhidi yangu. Na siku moja nilipoachwa peke yangu nao, nikachukua randa.

Mikwaruzo ya kuku ilikuwa mwandiko wa babu.

Hikosaka akaniuliza maranda yako wapi, labda herufi zinaweza kuungwa. Nikamwonyesha jiko. Akaelewa. Akachungulia ndani ya jiko, kisha akasema, "Kumbe Alhamisi tulimla babu yako. Mbona alikuwa mtamu."

Nilicheka, halafu nikalia, halafu sikujua tena nafanya kipi. Yeye alikaa kwenye gunia la unga akala manju tatu bila kulipa.

Jioni tulikwenda kwa Bibi Tazawa na picha na ubao. Akaweka bata juu ya bata, akatikisa kichwa. Alinikemea kwa kupiga randa urithi. Kisha akabadilisha uamuzi. Hikosaka ndiye aliyeomba abadilishe. Nilimwuliza njiani kwa nini. Akasema jiwe lake limechoka kusuguliwa.

Jumamosi, 18 Julai, Showa 101

Kilisimama.

Nilisikia filimbi kutoka mbali, nikasahau nilikuwa nimeshika nini. Walikuja taratibu, wengi wao mvi, yule wa goti la bandia mbele akiimba kwa nguvu kuliko wote. Wakafika mlangoni. Wakakitikisa juu mara tatu, kengele zikalia, wakakitua kwenye vigogo. Vumbi lilipanda na harufu ya jasho, na ilikuwa harufu ile ile.

Nilibeba sinia kichwani kama Fusae. Manju nane zilianguka. Waliziokota wakala.

Picha yake nilikuwa nimeigeuza itazame barabarani. Chizuru alikuja kwa treni ya mchana bila kuniambia. Alisimama pembeni ya picha, akasema mama angependa. Nikamwambia anapenda. Ubao wa bata tuliutundika juu ya mlango, upande wenye uongo ukutani, upande mtupu nje. Bibi Tazawa alisema hivyo hivyo unatosha, mtaa mzima unajua kilichokuwa kimeandikwa.

Alikunywa sake, pombe ya mchele, kidogo akawa mpole kweli. Nikamwuliza kama mama yake hakuona uchungu kuzaliwa katika mwaka wa siku saba. Akasema hapana, aliringa nao. Siku saba zilihesabiwa mwaka mzima, sawa na miaka mingine. Nikafikiri zile siku nne za Fusae, na lile jina alilolisifia. Nilitoka nje kidogo, moshi wa mishikaki uliniingia machoni.

Jumapili, 19 Julai, Showa 101

Usafi wa mtaa. Zamu yangu kushusha mwanzi wa maombi. Leo nilikuwa na miwani.

Karatasi ya kijani, juu kabisa. Mwandiko wa Hikosaka, mbaya kama tofu iliyovunjika: Tokuji asifunge duka.

Nilikaa chini pale pale mbele ya kinyozi. Alijuaje? Nimemwuliza. Muuza maharage ni mmoja, anatuletea sote, na alimwambia kuwa sijaagiza ya msimu wa baridi. Kwa hiyo alijua wakati wote, akisugua jiwe lake mbele yangu. Nikamwuliza basi kwa nini alishindana. Akasema nisiposhindana naye huwa nakaa ndani nimezima taa.

Nimemheshimu sana mtu huyu leo. Nimempelekea manju kumi. Amenirudishia tofu mbili. Nimeagiza maharage.

Jumatatu, 20 Julai, Showa 101

Nimelala vizuri, nimeamka na hesabu.

Jiwe la Hikosaka ni Showa 3. Maana yake Showa 103 duka lake litatimiza mia. Miaka miwili tu! Kihekalu kitasimama kwake. Atapata wabebaji, vigelegele, Bibi Tazawa akiwa mpole. Mimi nitakuwa nimekaa hapa na ubao mtupu, nikiwa na miaka mia na miwili ambayo hakuna anayeisherehekea. Rafiki ni rafiki, lakini kihekalu ni kihekalu.

Ninachohitaji ni kitu cha zamani zaidi. Babu lazima aliuza manju mahali fulani kabla ya kufungua duka. Kwenye toroli, tuseme. Toroli lazima lilikuwa na kibao. Tuseme enzi za Meiji, zilizotangulia Taisho. Safari hii nimekuwa makini, nimemwuliza Bibi Tazawa, kama kwa mazungumzo tu, Meiji iliishia mwaka gani na mwezi gani. Sirudii kosa. Mtu hujifunza.

Kilichobaki ni ubao, na hapo bahati imenichekea. Jana nilipopeleka manju niliuona nyuma kwa Hikosaka, chini ya mapipa yake ya soya. Mzito, wa mti mzuri, mweusi kwa masizi. Ameusahau kabisa, maskini. Una mikwaruzo mingi upande mmoja, kama kuku wamepigana hapo, lakini hiyo haina shida.

Randa nimeshainoa.